Alama ya Tatu

Watu wa Kawetele walimwita Mama Mwalimu, na mgeni angedhani alikuwa mwalimu. Hakuwa. Alikuwa mke wa mwalimu, na mwalimu mwenyewe alishakufa miaka kadhaa kabla sijafika kwake nikiwa na sururu begani. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sikuuliza. Sisi watu wa barabarani hatuulizi hayo kwa sababu hatupendi kuulizwa. Nitaandika nilichokiona, na mwishoni nitaandika nilichokifanya.

Nilichokiona kwanza ni jani la mgomba. Nilikuwa nimeitwa kuchimba mtaro nyuma ya jiko lake, maana mvua ya Tukuyu ilikuwa imeanza kupita chini ya ukuta na kutokea upande wa pili kwenye mafiga. Nilipozunguka nyumba nikamkuta amekaa kwenye kigoda, ubao mapajani, juu ya ubao jani bichi la mgomba, mkononi msumari wa inchi mbili. Mbele yake walikuwa wameinama wanafunzi watatu wa kidato cha sita, masweta yao yamelowa mabegani. Alikuwa anachora jani kwa ncha ya msumari. Mchoro kwenye jani bichi hutoka mweupe kidogo, na kabla hujamaliza kikombe cha chai unageuka kahawia, na hapo hauondoki tena. Nikadhani anawafundisha mapambo ya mikeka.

"Huyu anashuka," alikuwa anasema. "Huyu anazunguka. Msiwachanganye."

Niliegemea sururu nikasikiliza mpaka akaniuliza kama mtaro unajichimba wenyewe.

Hesabu zile zinaitwa intigresheni kwa vipande. Unapewa vitu viwili vilivyozidishwa, tuseme x² mara sin x, na unatakiwa utafute kile ambacho ukikishusha ngazi moja kitakupa hicho ulichopewa. Yeye alichora safu mbili. Kushoto aliweka x², chini yake 2x, chini yake 2, na chini kabisa sifuri. Huyo ndiye anayeshuka, kila hatua anapungua mpaka anakwisha. Kulia aliweka sin x, chini yake toa cos x, kisha toa sin x, kisha cos x. Huyo ndiye anayezunguka. Ukimpandisha hachoki wala hakui, anageuka tu na kurudi alikotoka. Kisha alivuta mistari ya mshazari kutoka kushoto kwenda kulia, kila mmoja ukishuka ngazi moja, na juu ya kila mstari akaweka alama: jumlisha, toa, jumlisha. Ukikosea ukampa kupanda yule aliyepaswa kushuka, x² inakuwa ya tatu, ya tatu inakuwa ya nne, na jani linakwisha kabla ya hesabu.

Mmoja wa wanafunzi, kijana mrefu aliyeitwa Lusajo, alipenda kumchokoza. "Mama, shuleni tunaandika fomula nzima. Hii yako msahihishaji ataona tumeruka."

"Umefika au hujafika?"

"Nimefika."

"Basi mwambie msahihishaji aje hapa anywe chai, nimwonyeshe njia."

Somo likiisha jani lilikwenda kwa ng'ombe. Alikuwa na ng'ombe mmoja, mweusi mwenye baka jeupe ubavuni, na hakuna jani la hesabu lililolala nje ya zizi. "Huyu wangu ana kidato cha sita," aliniambia akimpa x mara cos x. "Cheti tu ndiyo hajapewa." Na kwa ng'ombe yule Mama alizungumza Kinyakyusa tupu. Alisali kwa Kinyakyusa, akagomba kwa Kinyakyusa, lakini hesabu alizisema kwa Kiswahili, Kiswahili cha huku juu, ambamo sifuri ni sifuli. Nilimuuliza kwa nini. Akasema mume wake alizisema kwa Kiswahili pale mezani alipokuwa akiandaa vipindi, na yeye alizisikia hivyo akiwa jikoni anamenya ndizi.

Alijua hesabu hizo tu. Hilo lilikuwa jambo la ajabu kwake, na mji mzima ulilijua. Wanafunzi waliambiana: ukikwama kwenye vipande, nenda Kawetele kwa Mama Mwalimu, ukikwama kwenye kitu kingine usiende, atakupa ndizi. Na kweli, siku moja binti mmoja alimletea hesabu ambayo ndani yake hakukuwa na x², kulikuwa na vitu viwili vyote vinazunguka. Aliitazama muda mrefu. "Hii haina anayeshuka," akasema. "Hii siijui, mwanangu. Kaa ule." Hakuona haya. Alikuwa ameishia darasa la saba na hakuwahi kusema vinginevyo.

Sababu yake nilikuja kuijua polepole. Mwalimu alikuwa na tabia ya kuweka kila mada kwenye daftari lake lenyewe, yale madaftari makubwa ya kaunta yenye jalada gumu. Baada ya mazishi walimu wenzake walikuja, wakayaomba yakasaidie shuleni, naye akayatoa yote. Moja lilibaki kwa sababu lilikuwa wazi mezani na miwani juu yake, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuinua ile miwani. Daftari hilo lilikuwa la intigresheni kwa vipande, x za kila ukubwa zikiwa zimezidishwa na sin au cos. Alijifundisha humo peke yake kuanzia ukurasa wa kwanza. Ilimchukua miaka mitatu. Hakuwa na wa kumuuliza, na karatasi aliona ni ghali kwa mtu anayekosea kila siku, basi akaanza kukosea kwenye majani.

Mtaro niliumaliza kwa siku nne. Nilikaa miezi mitano.

"Wewe ulisoma mpaka wapi?" aliniuliza siku ya tano, aliponiona nimekuja bila sururu.

"Kidato cha pili, Mama."

"Ukaenda wapi?"

"Tunduma."

"Kufanya nini?"

"Kuona malori yanabeba nini."

"Ukaona?"

"Niliona, Mama."

Alicheka hadi akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Haya, kaa uone na hii."

Nilichuma chai asubuhi kwenye shamba la jirani na mchana nilikuwa kwake. Sijawahi kupenda kitu kama nilivyopenda zile safu mbili. Mimi ni mtu wa kuacha. Niliacha shule, niliacha gereji, niliacha mwanamke mzuri Makambako aliyekuwa ameniwekea sahani yangu. Hapa palikuwa na kitu ambacho, ukikianza sawasawa, kinajimaliza chenyewe. Unashuka, unashuka, sifuri, umefika. Nilijaza majani mpaka ng'ombe akaanza kuninenepea.

Alikuwa mkali kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kumkimbia. Alama ukiikosea hakukusahihisha. Alikaa kimya, akageuza uso akatazama Mlima Rungwe ukiwa wazi, au mahali mlima ulipo kama kuna ukungu, na alirudi kukutazama ukishaiona mwenyewe. Ungeweza kukaa nusu saa. Na mtu huyohuyo, aliyekuwa hana huruma na alama, alisamehe mambo mengine yote. Jirani aliingiza mbuzi kwenye maharage yake mara tatu. Mara tatu alimrudishia mbuzi na kumpa magimbi ya kwenda nayo. Mimi nilivunja mpini wa jembe lake, nikapoteza kamba ya ng'ombe, nikalala siku mbili nimelewa kwenye banda lake. Alisema tu, "Ndaga," yaani asante ya kwao, "umeamka." Lakini siku niliyoandika toa mahali pa jumlisha na nikacheka, aliniambia niondoke, nirudi nikishaacha kucheka.

"Ni kamstari tu, Mama," nilisema.

"Kamstari tu," alirudia, kama mtu anayeonja kitu kama kimeharibika.

Daftari lenyewe lilikaa mezani palepale, limefungwa, miwani juu. Alituruhusu kulisoma tukiwa tumenawa mikono. Mwalimu alikuwa na mwandiko wa kupendeza, kalamu ya bluu, mistari ya mshazari kama imepigwa kwa rula. Kurasa nyingi. Sikuona kosa hata moja, na Lusajo aliyekuwa akitafuta makosa ya walimu kama wengine wanavyotafuta uyoga, naye hakuona. Ila ukurasa wa mwisho ulikuwa umebanwa na kibanio cha nguo.

"Huo si wa kufundishia," alisema Mama Mwalimu.

Kumwambia mtu kama mimi usitazame ni kumwonyesha mlango. Jumapili moja alipokwenda kanisani nikaondoa kibanio.

Ilikuwa x² mara sin x, ileile aliyokuwa anatufundishia siku zote. Safu zilikuwa sawa. Mistari haikunyooka sana kama ya kurasa za nyuma. Na jibu lilisema: toa x² cos x, jumlisha 2x sin x, toa 2 cos x. Nikaisoma tena. Alama ya tatu ilipaswa kuwa jumlisha. Niliifanya mwenyewe kwenye jani, nikapata jumlisha. Lusajo alikuwa amenifundisha namna ya kuhakikisha, kwamba jibu unalishusha ngazi moja uone kama linarudi kwenye swali, basi nikalishusha lile la Mwalimu. Lilirudi na 4 sin x ya ziada pembeni, ambayo hakuna aliyeiita. La kwangu lilirudi safi.

Nilifunga daftari nikarudisha kibanio, na kwa wiki nzima nilitembea na jambo hilo. Nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Mama wa watu anamwonea haya mume wake. Miaka mitatu amejifundisha, amefika mwisho, amemkuta amekosea kitu ambacho yeye mwenyewe anawafukuzia wanafunzi. Ndiyo maana ya kibanio. Nikamhurumia.

Siku hizo miguu ilikuwa imeanza kuniwasha. Kisondela walikuwa wanatafuta watu wa kupakia maparachichi, na gari lingekwenda mpaka Makambako. Sikumuaga. Sijui kuaga, na wanaonijua wanalijua hilo. Lakini nilitaka nimwachie kitu. Jumapili ya mwisho, akiwa kanisani, niliondoa kibanio, nikatoa kalamu niliyokuwa nimeinunua mjini, bluu ileile, na juu ya alama ya tatu nikapiga mstari mmoja mfupi wa kusimama. Toa ikawa jumlisha. Nilipuliza wino ukauka. Ulionekana kama umeandikwa na mwenyewe. Nikafunga, nikarudisha kibanio, nikaweka miwani juu, nikachukua begi langu, na njia nzima hadi Kisondela nilikuwa najisikia mtu mwema.

Miaka sita.

Ndani ya miaka hiyo nilipakia maparachichi, nikaendesha bodaboda ya mtu Uyole, nikajenga, nikabomoa. Kila mahali nilipopita nilichora zile safu mbili, kwenye mifuko ya saruji, kwenye vumbi la tangi la pikipiki. Vijana wa sekondari waliokuwa wanapita site walisimama kushangaa kibarua anafanya by parts, maana ndivyo wanavyoiita wao, na nilipoulizwa nani amenifundisha nilisema Mama Mwalimu wa Kawetele. Nilisema kwa majivuno. Sikuwahi kumpigia simu.

Nilirudi mwaka huu wakati wa manyunyu. Mtaro wangu ulikuwa umejaa udongo. Zizi lilikuwa na ng'ombe mwingine, mwekundu. Binti wa dada yake ndiye aliyenipokea, akaniambia mama mkubwa ana mtoto wa jicho macho yote mawili na hawatoki naye sana. Kisha akashusha sauti.

"Na wewe kama ni mtu wa zile hesabu, usimwanzishe. Anasumbuka na daftari la marehemu. Anasema kulikuwa na kosa humo na halipo tena. Tumemwambia, mama mkubwa, uliota. Hasikii."

Nilitamani kurudi barabarani. Nilikuwa nimeshageuka nusu, ila alinisikia.

"Huyo ni wa Tunduma," alisema kutoka ndani. "Mwache apite."

Alikuwa kwenye kigoda kilekile karibu na moto. Nilipiga magoti nikamwamkia. Alishika kichwa changu kwa mikono miwili kama anapima tikiti, kisha akaniachia.

"Ulikwenda kuona nini safari hii?"

"Maparachichi, Mama."

"Ukaona?"

"Niliona."

Hakucheka. Akamtuma binti achote maji, na alipotoka akasema, "Lete daftari."

Nililileta. Hakulifungua. Aliliweka mapajani, kiganja juu ya jalada, na akaniambia mambo ambayo kwa miezi mitano hakuniambia.

Alisema kwamba jioni ya ukurasa ule Mwalimu alikuwa ameumwa kichwa tangu jana yake. Mama mwenyewe alikuwa na kikao cha akina mama kanisani. Alimkuta mezani anaandika, akamuuliza, unajisikiaje. Mwalimu akamwambia mzima kabisa, nenda kwenye kikao chako. Alisimama nyuma ya bega lake, akatazama karatasi, akaona maandishi mazuri ya bluu kama ya siku zote. Akaenda. Asubuhi Mwalimu hakuweza kusema wala kuinua mkono wa kulia. Walimpeleka hospitali ya Igogwe. Walipokelewa vizuri, wakafanyiwa kila kitu, ila presha ilikuwa imeshafanya kazi yake tangu jana, ndivyo walivyoelezwa. Siku ya pili akafariki.

"Nilijifunza ili nisome ukurasa ule," alisema. "Ndiyo kitu cha mwisho alichoandika. Nilidhani kuna kitu ndani. Nikaanza ukurasa wa kwanza kwa sababu wa mwisho usingenipokea. Miaka mitatu. Nikafika. Nikaona amekosea alama."

Moto ulipasuka. Aliusogezea kuni kwa mguu bila kuutazama.

"Yule mtu hakuwahi kukosea alama. Umeliona daftari zima. Aliniambia mzima, na kumbe alikuwa ameshaandika kwamba si mzima. Nilikuwa nimesimama hapo nyuma yake, naitazama. Sikujua kuisoma."

Alipapasa jalada, akaendelea.

"Basi kosa lile ndilo lilikuwa langu. Nilikuwa nalifungua, naliona, nasema haya, hapa ndipo. Sikumwonyesha mtu. Halafu siku moja nafungua, hakuna kosa. Jibu ni sahihi. Nikasema labda macho. Nikasogea mlangoni kwenye mwanga. Sahihi."

"Mama."

"Ni wewe. Nani mwingine alikuwa anajua alama, na hajui kuuliza?"

Nikasema ni mimi. Nikasema nilidhani unaona haya. Alisikiliza, akatikisa kichwa taratibu, si kwa kukubali.

"Nilijaribu kuuondoa mstari wako kwa wembe. Kidogo kidogo, wakati naona bado. Karatasi ikatoboka."

Akafungua. Ukurasa wa mwisho, mwandiko wa bluu, toa x² cos x, jumlisha 2x sin x, na baada yake tundu, dogo kama punje ya mtama, na baada ya tundu 2 cos x. Ndani ya tundu ulionekana upande wa ndani wa jalada.

"Sasa hawaniamini," alisema. "Wanasema niliota. Na mimi nimezeeka, kuna siku nasema labda kweli niliota, labda hakukuwa na kosa, labda alikuwa mzima kama alivyosema na niliyekosea ni mimi. Hakuna mtu mwingine aliyeiona. Ni wewe na mimi." Akanigeuzia yale macho yenye ukungu. "Kulikuwa na toa?"

"Kulikuwa na toa, Mama."

"Uliiona."

"Niliiona kwa macho yangu. Ndiyo maana niliigusa."

Aligeuzia uso upande wa mlima. Binti alirudi na ndoo, akatuona, akaitua polepole. Mama Mwalimu akamwambia akakate jani la mgomba, bichi, lisilopasuka. Akaingiza mkono kwenye mkunjo wa kitenge akatoa msumari, uleule, umesagika ncha.

"Andika alivyoandika yeye," aliniambia. "Bonyeza, nipapase."

Niliweka ubao mapajani. Nilichora safu mbili, nikavuta mistari, na sikuinyoosha sana. Niliandika jibu. Nilipofika kwenye alama ya tatu mkono ulikataa. Kwa miaka sita ulikuwa umezoea kuandika jumlisha, na ulikuwa unajisifu kwa hilo. Niliandika toa. Nilikandamiza mpaka msumari ukagusa ubao.

Nikalaza jani magotini kwake. Alipita na kidole kwenye mstari wa jibu, kipande cha kwanza, cha pili, akafika, akasimama. Kidole kilikaa pale, kikaenda kushoto na kulia juu ya ule mstari mfupi uliolala. Binti alikuwa amesimama mlangoni anatazama. Rangi ilikuwa imeshaanza kugeuka kahawia.

Nje ng'ombe alilia, maana alisikia jani limekatwa na alijua saa yake. Binti akanyoosha mkono alichukue.

"Hilo hapana," alisema Mama Mwalimu. "Mkatie jingine."